Taa ya Mama Drateru Haina Stima

9 Agosti

Profesa wangu wa chuo ameniagiza niandike kila radi: saa, upande, na sekunde ngapi kati ya mmweko na ngurumo. Daftari nimelinunua sokoni Arua, lina picha ya maharusi kwenye jalada. Leo radi nne, zote mbali, upande wa Kongo. Mvua haikufika kwetu, mtaa wa Oli.

12 Agosti

Radi kumi na moja. Nimefundisha fizikia vipindi vitatu na sauti imekauka.

Kaka yangu Swaib anawaambia wateja wake kwamba mimi, Nabila, mwalimu mzima, naongeza shahada ili nisomee moshi. Nimemweleza hadi nimechoka. Gesi ya kawaida haipitishi umeme, kila atomu imetulia na elektroni zake. Ukiisukuma kwa nguvu ya kutosha, atomu chache zinanyang'anywa elektroni. Chache kweli, labda moja katika elfu kumi. Lakini hizo chache hazikai. Zinakimbia, zinagonga zile zilizotulia, na gesi yote inaanza kung'aa ingawa karibu yote bado ni gesi ile ile ya kawaida. Ndiyo plazima nusunusu. Iko ndani ya tyubu ya taa, iko kwenye cheche ya Swaib anapochomelea madirisha, iko angani kabla radi haijashuka.

"Sasa si moshi tu, dada," alisema, akavuta miwani yake nyeusi na kurudi kazini.

15 Agosti

Upepo mbaya kutoka mtoni. Mabati ya nyumba tatu yameng'oka.

16 Agosti

Swaib amefunga paa la Mama Drateru, yule mjane wa Kilugbara anayeishi peke yake chini ya mnara wa redio. Redio yenyewe ilikufa zamani, vyombo vilishauzwa, mnara umebaki umesimama kama mgeni asiyejua kuaga. Amelifunga paa kwa waya mnene, akauvuta mpaka kwenye mnara, na hakudai kitu. Mtaa mzima unamsifu. Mimi pia nimemsifu, nikampikia kisra, mkate wetu mwembamba. Tangu mama yetu afariki sijaona mtu mwenye mkono mwepesi wa kusaidia kama yeye.

Mashine yake ya kuchomelea nayo imepata waya mpya wa arthi, ule wa kushusha umeme ardhini. Haikati tena katikati ya kazi, na furaha yake naisikia kutoka jikoni.

21 Agosti

Radi ishirini na mbili. Moja karibu sana, sekunde moja tu.

22 Agosti

Mbuzi wawili wa Viktoria wamekufa. Viktoria ni jirani yetu wa upande wa barabara, mwanamke wa kusema mambo yake waziwazi. Alikuwa amewafunga kwenye mguu wa mnara ili wale majani. Hawana jeraha. Wamelala ubavu, miguu imenyooka, macho wazi. Watu walisimama mbali wakiwatazama, na hakuna aliyetaka nyama.

2 Septemba

Hakuna mvua. Karatasi za mtihani.

6 Septemba

Leo nimesikia jambo kwa mara ya kwanza. Candia, yule wa bodaboda anayenipeleka shule, aliniuliza tukiwa njiani kama taa inaweza kuwaka bila stima.

"Haiwezi," nikamjibu.

"Kwa Mama Drateru iko inawaka. Mchana, mawingu ikikuja. Viktoria ameona kwa mlango."

Nilicheka mpaka kofia ikanikalia vibaya. Mama Drateru hana umeme. Alikuwa nao zamani, marehemu mumewe alivuta kutoka kwenye redio, na redio ilipokufa umeme nao ukakatwa. Tyubu moja ya zamani bado inaning'inia darini kwake, waya wake umezungushiwa msumari wa bati.

9 Septemba

Sasa ni watu watano walioiona. Neno nalo limetoka: *oleu*. Hilo ndilo jina la mchawi kwa Kilugbara, na kila mtoto hapa anajua kwamba *oleu* anatembea na mwanga wake. Watoto wa shule ya msingi wanapita nyuma ya msikiti ili wasikaribie nyumba ile.

14 Septemba

Radi tisa. Nimekutana na Mama Drateru kisimani. Wanawake wengine walimwachia nafasi, kubwa kuliko inavyohitajika. Alinisalimu, akaniuliza habari za shule, akajitwisha mtungi wake. Shingo yake ni nyembamba sana. Nilitaka kumwambia asijali, lakini Viktoria alikuwa ananitazama, nikajifanya nafunga kanga.

20 Septemba

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ezati, ameniita mkutanoni kesho. Anataka mtu wa sayansi aseme kitu ili watu watulie. "Wewe mwalimu, watakusikia," alisema. Nimefurahi kuitwa, naandika ukweli. Nimepiga pasi gauni.

21 Septemba

Nina aibu, lakini nitaandika yote.

Tulikusanyika uwanjani mbele ya nyumba ya Mama Drateru kama saa tisa mchana, watu themanini hivi. Mawingu yalikuwa yameshaanza kupanda. Ezati alinisimamisha. Nilizungumza vizuri mno, kama niko mbele ya darasa. Nilisema tyubu ni chupa yenye gesi, na gesi haiwaki mpaka umeme upite ndani yake. Nilisema hakuna nguvu duniani iwezayo kuwasha tyubu katika nyumba isiyo na umeme. Afedra, mume wa Viktoria, akauliza: "Unaapa?" Nikaapa kwa Mungu.

"Sawa," Afedra akasema. "Tuingie tuone."

Tuliingia kumi. Nyumba haina dirisha upande wa nyuma, na nje giza lilikuwa limetanda kama la magharibi. Mama Drateru alikaa juu ya kitanda chake cha chuma, mikono mapajani. Hatukungoja sana. Kwanza nilisikia sauti, kama mafuta yanayoanza kuchemka, ikitoka juu kwenye mabati. Halafu tyubu ikaanza. Haikuwaka kama taa. Ilikuwa mwanga wa kijivu, dhaifu, unakimbia kutoka ncha hadi ncha, unazimika, unarudi. Uso wa kila mtu ulionekana umekufa.

Watu walinigeukia mimi. Nilikuwa nimeshaapa kwamba haiwezekani, na jambo lisilowezekana lilikuwa linatokea juu ya vichwa vyetu.

Nje, Afedra alisema kwa sauti ya utulivu kabisa: "Mwalimu mwenyewe amesema. Hapana stima. Basi ni nini?"

Sikuhesabu wenye hasira, lakini hawakuzidi wanne. Wengine walisimama tu, watu wazuri, majirani. Lakini wale wanne walipita kati yao, huyu akaguswa bega, yule akanong'onezwa, na baada ya muda uwanja wote ulikuwa na joto lile lile. Ezati aliona. Akapaza sauti kwamba hakuna atakayemgusa mama yule, na kwamba atahamia Koboko kwa binti yake, Peace, kabla ya tarehe ishirini na nane. Kwake hiyo ilikuwa huruma.

Mama Drateru hakujitetea. Aliwatazama watu mmoja mmoja kama anayewahesabu, na macho yake yakakaa kidogo kwa Swaib.

22 Septemba

Sijalala vizuri. Sikuandika radi hata moja.

24 Septemba

Nilienda kwa Mama Drateru saa nane mchana, mawingu yakiwa bado mbali, upande wa Inde. Nilimwomba nikae naye wakati wa dhoruba. Alinipa kigoda.

"Wewe hapana ogopa?"

"Naogopa, mama."

"Mimi pia. Kila saa hii inakuja mimi natoka nje. Lakini mvua inanipiga, na watu nasema mimi naenda kuita radi."

Sauti ile ilianza saa tisa kasoro. Nilisimama chini ya tyubu. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama vyote kwa pamoja, kama vimeitwa. Tyubu ikaanza kukimbiza mwanga wake. Nilinyoosha kidole kuelekea kitanda cha chuma, na kabla sijakigusa, cheche ndogo ya zambarau iliruka ikaniuma. Hapo ndipo akili ilirudi. Huu ulikuwa umeme kweli, umeshuka kutoka mahali, na ulikuwa unatafuta ardhi kupitia nyumba hii.

Nikatoka mbio nje nikatazama juu. Kwenye ncha ya mnara, pale fimbo ya kuzuia radi ilipo, palikuwa na ulimi wa bluu umesimama wima, hautikisiki na upepo. Nimeusoma kwenye vitabu maisha yangu yote. Hewa pale ilikuwa imeshaanza kuvunjika, atomu chache, moja katika maelfu. Nikafuata kwa macho waya wa shaba kutoka kwenye fimbo ile. Ulishuka mnara mzima kama inavyotakiwa, lakini haukuingia ardhini. Kwenye urefu wa mita nne ulikuwa umekatwa, na ncha yake imevutwa pembeni, imefungwa kwa ustadi kwenye paa la Mama Drateru.

Nilimkamata mkono yule mama nikamtoa. Tulikaa kwenye veranda ya msikiti tumelowa mpaka mvua ilipokwisha. Radi haikupiga mnara. Sijui kwa nini haikupiga.

24 Septemba, jioni

Swaib alikuwa anaweka vifaa ndani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine yake, nikaushika waya wake wa arthi. Shaba nene, mita nne.

"Redio ilikufa, dada," alisema kabla sijauliza. "Ile waya ilikuwa inakaa bure."

"Ile waya ni ya radi. Iko redio, haiko redio, radi inakuja."

Alikaa chini. Nilimweleza yote: kwamba kipande alichokata kilikuwa ndiyo njia ya radi kwenda ardhini, na kilichobaki alikifunga kwenye paa la mjane, kwa hiyo siku ikipiga itapita katika kitanda chake. Kwamba umeme mdogo unaovuja kabla ya dhoruba ndio unaowasha tyubu. Kwamba hata wale mbuzi, naamini, ulikuwa umeme ule ule uliopotea njia. Alisikiliza akitazama viganja vyake.

"Mimi nilitaka kumsaidia," akasema.

"Najua. Kesho uwaambie."

"Watasema Swaib mwizi wa shaba. Ile kazi ya milango ya msikiti wataninyang'anya. Nani atanipa kazi tena Oli?"

"Watamfukuza kwa sababu yako. Na yangu."

Nampenda Swaib kuliko mtu yeyote aliye hai, na leo nilikaa naye chumba kimoja nikamwogopa.

25 Septemba

Nimetoka shule nimekuta waya haupo. Swaib aliamka alfajiri, akaukata kutoka kwenye paa, akarudisha kipande chake, akaunganisha na kukizika ardhini kama zamani. Paa amelifunga kwa kamba ya nailoni. Anasema hatari imeisha. Ni kweli, imeisha.

Mama Drateru ameondoka leo saa nne, siku tatu kabla ya muda aliopewa. Candia alimpakia yeye na godoro.

27 Septemba

Radi thelathini, dhoruba kubwa kuliko zote. Afedra na wenzake walisimama mlangoni kwa Mama Drateru wakachungulia. Tyubu haikuwaka. Viktoria alikuja mpaka kwetu kunieleza, kwa wema kabisa: "Umeona mwalimu? Yeye ameenda, taa imeenda."

Ushahidi wangu wote umezikwa, na mzishi anakula ugali mezani kwangu.

5 Oktoba

Nimekwenda Koboko. Peace anauza mchele karibu na stendi, na nyumba yake ni chumba kimoja cha watu sita. Mama Drateru alikuwa amekaa nje kwenye gunia tupu. Amekonda. Majirani wa pale wameshasikia, habari ilifika kabla ya godoro. Peace hakunitazama usoni.

Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu, pamoja na jina la kaka yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi najua," akasema. "Mimi nilimuona akikata. Na sumeno, asubuhi."

"Mama, kwa nini hukusema kwenye mkutano?"

"Yeye amefunga paa yangu. Watoto yangu nne, hapana mutu amekuja kufunga paa. Yeye amekuja." Akafikicha jicho. "Mimi nilingoja aseme yeye."

Nililia mbele ya watu wa Koboko bila haya.

Kabla sijaondoka alinishika gauni. "Kama naweza kurudi, mimi nataka kufa kwangu. Hapa nalala na miguu ya watu."

8 Oktoba

Nimemwambia Swaib maneno ya Mama Drateru. Alitoka nje. Alirudi baada ya saa moja, macho mekundu, akasema hawezi. Basi nitafanya mwenyewe, bila kumtaja. Nitawaonyesha kwa macho yao kwamba tyubu inaweza kuwaka mkononi mwa mtu yeyote, bila uchawi. Ezati amekubali: Jumamosi, kwenye ukumbi wa parokia.

10 Oktoba

Nimejaribu mara sita. Koili ya pikipiki ya Candia inatosha kabisa. Waya wa plagi nje, tyubu karibu yake, injini ikiwaka tyubu inaangaza kwa kila mpigo. Candia amefurahi kama mtoto.

12 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Tulifunga madirisha, nje kulikuwa na mawingu mazito, sikufikiria hilo. Swaib alisimama nyuma karibu na mlango.

Safari hii sikujigamba. Niliwaambia kwamba mara ya kwanza nilikosea, niliapa juu ya jambo nisilolijua vizuri. Niliwaambia umeme unaweza kuruka hewani bila waya. Candia akapiga kiki, nikainua tyubu kwa mkono wangu wa kulia karibu na plagi, na ikawaka, tup, tup, tup. Watu wakasema aah. Mtoto mmoja alicheka. Nilimwona Ezati akitikisa kichwa kwa kukubali, na Viktoria akimnong'oneza mumewe, si kwa ubaya. Nilihisi mlango unafunguka.

Na mimi, mpumbavu, nikaongeza. "Sasa ni kazi ya pikipiki," nikasema. "Candia, zima. Mtaona taa inakufa hapo hapo."

Candia akazima. Taa ikafa. Nikaibadilisha tyubu mkono, nikaifuta jasho kwa ukingo wa mtandio wangu wa nailoni, na ndani ya kioo, kutoka kidole changu hadi ncha, mwanga wa kijivu ukakimbia. Nikashtuka nikaishika vizuri zaidi. Ukakimbia tena. Pikipiki imezimwa, hakuna waya, mwanga unafuata vidole vyangu.

Najua sababu. Msuguano wa nailoni kwenye kioo, na wingu lililokuwa juu ya bati la ukumbi. Kitu cha somo la kidato cha pili. Nilianza kulisema, sauti yangu ikasikika nyembamba, na watu hawakuwa wananisikiliza. Walikuwa wanatazama mkono.

Hakuna aliyepiga kelele. Mstari wa mbele ulirudi nyuma hatua moja, halafu mstari wa pili. Afedra aliuliza polepole, akimwuliza Ezati na si mimi: "Siku ile kwa mama mzee, mwalimu hakuwa ndani? Na siku ingine, hakukaa naye?" Candia alikuwa ameshaanza kuisukuma pikipiki yake kutoka nje, mbali na mimi.

Nilimtafuta Swaib kwa macho. Alikuwa pale pale mlangoni. Neno moja lingetosha, na alikuwa nalo mdomoni, nililiona. Alitazama viatu vyake.

14 Oktoba

Asubuhi Candia hakuja. Nimeenda shule kwa miguu.

17 Oktoba

Wanafunzi wanne wamehamishwa kutoka darasa langu. Mkuu wa shule anasema ni mambo ya ratiba.

19 Oktoba

Mkutano umefanyika bila kuniita. Ezati alikuja mwenyewe kunieleza, akasimama nje ya kizingiti. Wamekubaliana Mama Drateru hana kosa. Mwanga ulikuwa na mwenyewe, na haukuwa wake. Peace amepigiwa simu.

"Wewe utakaa tu, hapana mutu atakugusa," alisema. Ni maneno yale yale aliyosema juu ya Mama Drateru.

Swaib alisikia kila kitu kutoka ndani. Ezati alipoondoka alitoka akasema, "Basi mambo imeisha, dada. Mama anarudi." Alikuwa na nafuu kweli usoni. Nilimtazama nikaona kwamba hatasema kamwe, na kwamba ataendelea kuwa mtu mwema, na wote wataendelea kumpenda.

23 Oktoba

Amerudi. Nimeona kutoka dirishani. Viktoria mwenyewe alimbebea godoro. Wanawake walimfagilia uwanja, mmoja alileta mihogo, na Swaib alipanda juu ya paa kukaza misumari. Walicheka kwa kitu fulani. Nilifurahi, naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilitaka arudi, na amerudi.

30 Oktoba

Mvua zinapungua. Profesa ameandika kwamba data yangu ni nzuri sana.

3 Novemba

Leo mchana Mama Drateru amekuja kwetu kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mihogo, kichwa amekifunika. Alileta sahani ya ufuta uliosagwa. Nilimkaribisha ndani akakataa, akasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Mimi najua wewe hapana mchawi," alisema. "Mimi peke yangu najua."

"Asante, mama."

Alitazama nyuma yake kuelekea njia. Alikuwa na kitu kingine cha kusema na kilimtesa, alikipindua mara mbili tatu mdomoni.

"Lakini usikuje kwangu, mwanangu. Kisimani pia usinisalimu. Watu wataona, wataanza tena, na mimi iko mzee, hapana weza kwenda Koboko mara ya pili."

Nilimwambia naelewa. Akanipa sahani akiishika kwa ukingo wa mbali, ili vidole vyetu visigusane.